Mie nne, yeye mbili: likizo yetu ya Salalah

Joto la Muscat la mwezi wa saba ukimsimulia mtu wa Unguja kwa simu anakuona unatia chumvi. Basi ntakupa mfano mmoja. Juni 2018 pale Quriyat, mji wa pwani si mbali na hapa kwetu, joto usiku kucha halikushuka chini ya digrii 42, yaani jua limeshazama, watu wamelala, na bado wanapikwa. Maji ya bomba la baridi yanatoka yanaunguza, kwa hiyo wengi tunazima hita mwezi mzima, yale maji yaliyotulia ndani ya hita ndo yanakuwa maji ya baridi, ukitaka kuoga unafungua bomba la moto. Wanaofanya kazi za nje, za ujenzi na kadhalika, serikali imepiga marufuku wasifanye kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Skuli zimefungwa, watoto wako ndani toka asubuhi, kiyoyozi kinanguruma, na ikifika wiki ya tatu ya likizo nyumba nzima watu wanatazamana kwa jicho la shari.

Ndo mana kila mwenye gari anakimbilia Salalah.

Kwa wasiopajua, Salalah iko kusini kabisa mwa Oman, mkoa wa Dhofar, unakaribia Yemen, kilomita elfu moja na ushee kutoka Muscat. Kuanzia Juni 21 mpaka Septemba kunakuwa na kitu wanakiita khareef, manyunyu na ukungu kutwa, milima yote kijani, ngamia wanakula majani mpaka wanavimbiwa, na joto liko ishirini na kitu wakati kwengine kote Ghuba watu wanaungua. Mwaka 2024 waliokwenda msimu huo walipita milioni 1, na nchi yenyewe ina watu kama milioni 5 tu, sasa piga hesabu ya foleni mwenyewe.

Kuna jambo moja nilichelewa kulijua na nilipolijua nilikaa kimya kidogo. Khareef ni kusi. Upepo wetu ule ule wa kusi, ule unaofanya watu wa Nungwi wasitoke baharini siku nyengine, ule wa kipupwe, bibi yangu alikuwa akivaa sweta na kanga mbili juu yake na kulalamika baridi imemuingia magotini. Ukivuka ikweta unapinda, unakuja Uarabuni kutokea kusini magharibi, ukifika pwani ya Dhofar unasukuma maji ya juu ya bahari kwenda mbali na yale ya chini ya baridi yanapanda, hewa yenye unyevunyevu ikipita juu ya maji yale inageuka ukungu, na ukungu ukikuta milima unakwama hapo miezi mitatu. Basi. Na kwa upepo huo ndo majahazi yalikuwa yakirudi kutoka kwetu. Ibn Battuta mwenyewe katika karne ya 14 alipotoka Kilwa alipanda chombo na kilichomshusha ni Dhofar hapo hapo, na akakaa kueleza habari za tambuu na nazi kwa urefu. Nazi bado zipo. Ukiingia mjini tu unakuta vibanda njia nzima, madafu, ndizi, mapapai, miwa, Mzanzibari ukiona vile baada ya miaka ya jangwa unaweza ukalia barabarani, mie nililia.

Ila safari ya kwanza nililia kwa mengine.

Ilikuwa 2023. Tulikuwa na siku tatu tu, mana baba watoto likizo yake kazini ilikatwa, na mie badala ya kusema basi tupumzike hizo tatu, nikatengeneza ratiba kwenye simu ya sehemu 14. Kumi na nne! Wadi Darbat, Ain Razat, Ain Athum, Mughsail, Jabal Samhan, Taqah, Mirbat, magofu ya Baleed, kaburi la Nabii Ayubu, la Nabii Imrani, soko la Haffa, nyengine hata nimesahau. Kila moja na saa yake, saa 3 kamili hapa, saa 4 na nusu pale. Kisa ni nini? Kisa ni stetasi za WhatsApp. Ntasema ukweli, mwezi mzima nilikuwa naangalia stetasi za watu, huyu yuko Trabzon Uturuki, huyu yuko Salalah, huyu kapeleka watoto Malaysia, na roho yangu ikawa inafanya hesabu. Nikanunua mabaibui mawili ya rangi ya kwenda na majani, watoto nikawashonea nguo sare. Nia yangu ilikuwa picha, siwezi kusema vyengine, na nia mtu unaijua mwenyewe hata ukiifunika vipi.

Tuliondoka baada ya Isha ili tusipoteze mchana. Njia ya Salalah ukishapita Nizwa na Adam ni mstari ulionyooka, jangwa kulia na jangwa kushoto, Haima, Ghaftain, Qitbit, Thumrait, majina tu yanapita usiku. Baba watoto anasinzia, mie nampiga piga bega, nampa kahawa, anasema tusimame kidogo, nasema tukisimama tutachelewa. Tutachelewa nini? Mlima unakimbia? Alfajiri tuliiswali kwenye sheli moja jua likichungulia, mbio mbio, wallahi sikumbuki nilisoma sura gani na kama nilisoma. Kuna hadithi maarufu, watu hupenda kuitaja, kwamba safari ni kipande cha adhabu, inamnyima mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake. Mie niliichukua adhabu nikaiongezea nyengine ya kwangu.

Nyumba tuliyobuki haikuwa ile ya kwenye picha, sitaki kusema ya nani, ukungu umeota mpaka kwenye pazia. Mdogo katapika milimani mara tatu. Na Darbat, huko ndo sitaki kukumbuka. Ile bonde nzuri ajabu, maji, miti, ndege, lakini barabara ya kuingia ni moja na siku hiyo dunia nzima ilikuwa imo humo, tukakaa ndani ya gari saa nzima na nusu, halafu kundi la ngamia likaingia barabarani likasimama. Ngamia hana haraka. Mie nikaanza kumlaumu mwenzangu kwa nini alichelewa kuamka, yeye akanambia maneno, nikajibu, watoto kimya nyuma, dada wetu wa nyumbani kainamisha kichwa anajifanya anatafuta kitu mkobani. Nikalia. Nikiwa nalia vile, dirishani kulia ngamia mmoja kainua shingo na nyuma yake ukungu umekatika kidogo mlima ukaonekana, mandhari mashaallah. Nikafuta machozi, nikateremsha kioo, nikapiga picha, nikairusha na maneno "Alhamdulillah kwa kila neema." Watu mia na kitu waliiona. Mmoja akaniandikia, mnafaidi.

Mughsail ndo ilinitisha zaidi, japo niligundua baadaye. Pale kuna mwamba juu ya bahari, una mashimo yamezibwa na vyuma, wimbi likigonga chini maji yanaruka juu kama mzinga na watu wanapiga kelele. Bahari ya wakati wa kusi si ya mchezo, mvuvi yeyote wa kwetu atakwambia. Julai 2022, mwaka mmoja tu kabla yetu, watu walivuka uzio hapo wakitafuta picha, wimbi likawazoa, wengine hawakurudi. Habari hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua, na bado nilisimama pale nikamwambia mwanangu wa kike, sogea nyuma kidogo mama, kidogo tu tena, ili bahari ionekane. Usiku nikiwa nachagua picha ndo nikaiona ile picha vizuri na mikono ikaanza kutetemeka.

Tulirudi Muscat tumechoka kuliko tulivyoondoka. Hii naona inawapata wengi, sema hawasemi.

Sasa nikwambie kilichonibadilisha fikra, na si mawaidha wala darasa. Ni hesabu ya rakaa.

Mie nimelelewa Kishafi kama Waunguja wengi, mwenzangu ni Ibadhi, madhehebu ya Waomani wengi. Mambo ya swala kwa siku za kawaida tofauti ni ndogo ndogo, yeye anaswali mikono chini, mie nafunga, tumeshazoea. Lakini mkisafiri ndo unaona raha. Kwetu sisi msafiri anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili kama safari ni ya masafa marefu, ni rukhsa, ukipenda unaichukua, ila ukifika mahali ukawa umenuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, basi ukifika tu umekuwa kama mkaazi, unaswali nne zako. Kwao Maibadhi akivuka kama kilomita 12 nje ya mji wake ni msafiri, kupunguza kwake ni lazima si hiari, na haina kikomo cha siku maadamu hajapafanya mahali pale kuwa kwao. Kuna watu kwao Nizwa, wanafanya kazi Muscat miaka na miaka, wana nyumba na friji na majirani, mpaka leo wanaswali mbili mana moyoni kwao ni Nizwa. Kila nikilifikiria hili najiambia afadhali mie ni Mshafi, mana ningekuwa Ibadhi ningelazimika nikae chini nijijibu kweli, baada ya miaka 17, Muscat ni kwangu au napita tu? Swali hilo silitaki.

Basi wakati wa maandalizi ya safari ya pili, 2025, tumepanga wiki nzima, nikamwambia kwa utani, safari hii wewe utaswali mbili mbili mie nne nne, wewe unasafiri mie nahamia. Akacheka akasema hiyo ni sadaka, mtu hakatai sadaka. Na kweli ndivyo ilivyopokelewa, Seyyidna Umar aliulizwa mbona tunapunguza na hofu ya vita imeshaondoka, akasema hata mie nilishangaa nikamuuliza Mtume, akajibu ni sadaka Mungu amewapa, basi ipokeeni sadaka yake. Nilikuwa naijua hadithi hiyo toka chuoni. Siku hiyo nikiwa jikoni namenya vitunguu ndo ikanigonga. Yaani Mwenyewe aliyeifaradhisha swala, akimwona mja wake yuko njiani, kachoka, anampunguzia nusu. Mie ni nani nisafiri nikijiongezea? Ile 2023 swala zilikuwa nusu na kila kitu chengine nilikizidisha mara mbili, sehemu 14, nguo za sare, picha mia nne. Sadaka nilipewa nikaiacha sebuleni na bahasha yake.

Na hapo hapo, kitunguu bado mkononi, nikageuka nikamwona dada wetu anapiga pasi.

Dada huyu ni mtu wa Tanga, huu mwaka wa sita yuko na sisi, ana watoto wawili wako kwa mama yake. Mie na yeye rika moja, ananiita dada na mie namwita dada. 2023 tulikwenda naye Salalah na nilijiona mwema sana kwa kumchukua, si wote wanaowachukua. Lakini alilala sebuleni chini, aliamka kabla yetu kufanya chai, alimbeba mdogo milima yote ile, alifua matapishi kwenye beseni la bafuni. Jioni ile ya vitunguu nikazifungua picha za safari, mia nne na kitu. Hayumo. Kuna picha moja tu mkono wake unaonekana pembeni, umeshika kiatu cha mtoto.

Sasa mie nakaa nazungumza habari za roho na utulivu na sadaka ya msafiri, na yeye nani amempunguzia?

Nikamwambia, dada, mwaka huu nataka na wewe upumzike kweli, twende wote, hutapika, hutashika mtoto, utakuwa mgeni. Akaacha pasi. Akanitazama kama mtu anayepima maji. "Dada nikwambie ukweli?" Nikasema niambie. "Mie Salalah siitaki. Nataka nilale."

Nilicheka halafu sikucheka tena. Nataka nilale. Basi tulikubaliana atabaki, siku zile zote ni zake na mshahara wake uko pale pale, kiyoyozi awashe anavyotaka, Ijumaa rafiki zake waje. Nikamuuliza nikuletee nini, akasema kama nazi zipo kweli kama mnavyosema, mniletee nazi, za kukuna, si za kopo. Na sikwambii haya nijisifu, mana ilinichukua miaka kuliona jambo lililokuwa linanipigia pasi nguo zangu kila siku.

Mengine ya maandalizi yalikuwa madogo. Wazee wetu mtu akisafiri hulipa deni na kuomba radhi, hata kama anakwenda Pemba tu. Mie nilikuwa na riali 60 za mchezo wa akinamama, mzozo wa zamani, mtu hatusemeshani toka harusi ya mdogo wangu. Nilimpigia. Simu ilikuwa ngumu dakika mbili za mwanzo, baadaye tukazungumza saa nzima habari za kisukari cha mama yake. Pesa nikatuma. Sijui kueleza lakini gari ilipoondoka niliona kama kuna mzigo haumo kwenye buti.

Na ratiba hakuna. Tulikubaliana kutoka mara moja kwa siku, baada ya Alasiri, na asiyetaka kutoka asitoke. Tulilala Haima njiani, baba watoto akalala saa nane mfululizo, nikamsikia anakoroma nikafurahi kama nimeshinda kitu.

Tulimchukua na mama mkwe safari hii. Bi mkubwa kazaliwa Wete, alikuja huku miaka ya sabini wakati Sultani Qaboos amewafungulia mlango Waomani waliokuwa nje warudi, alikuja na Kiswahili chake na mpaka leo Kiarabu chake kina lafudhi ya Kipemba. Alipanda gari na mkeka wake wa ukindu, chupa yake ya chai ya tangawizi na mto wake. Njia nzima analalamika miguu. Mkishapita Thumrait bado jangwa, joto arubaini na kitu, mawe tu, halafu barabara inaanza kushuka na ghafla mbele yenu kuna ukuta mweupe. Mnaingia ndani ya ukungu taa zimewashwa, kipimo cha joto kwenye gari kinateremka huku unakiangalia, 38, 33, 29, 25, na ukungu ukipasuka pembeni ni kijani. Dakika chache tu. Bi mkubwa akateremsha kioo, manyunyu yakaingia yakamlowesha mtandio, watoto wanapiga kelele bibi funga. Hakufunga. Akavuta pumzi akasema, "Kipupwe hichi." Kisha akasema miguu inamuuma na anataka choo.

Wiki ile sehemu tulizokwenda hazifiki sita. Darbat tulikwenda siku ya Jumatatu, wenyeji ndo walituambia tukwepe wikiendi, tukatandika mkeka mahali penye matope kidogo na hatukufanya lolote. Mwanangu mkubwa, ana miaka 14, alinuna siku mbili nzima mana hakuna cha kufanya, siku ya tatu nikamkuta amelala kifudifudi anaangalia mdudu anayepanda jani. Nusu saa. Sikumsemesha, na sikumpiga picha, japo mkono ulikwenda kwenye simu wenyewe. Jioni hiyo hiyo niliteleza nikarusha picha 11 kwa mpigo, msidhani nimekuwa walii.

Swala ndo ilikuwa burudani yetu. Tunaswali jamaa pale sebuleni, yeye imamu, anatoa salamu baada ya rakaa mbili, mie nainuka naendelea na zangu mbili zilizobaki na yeye anageuka ananingojea, na mdogo anauliza kwa sauti, mama kakosea? Kila siku anauliza. Na hizo mbili za ziada, nikiwa peke yangu, nyumba kimya, nje manyunyu yanagonga mabati ya pakingi, sijawahi kuswali kwa utulivu ule toka nizae. 2023 nilikuwa na ruhusa ya kupunguza na nikaswali kwa pupa, 2025 naswali kamili na sina haraka. Sijui watu wa elimu watasemaje, mie nasema nilivyoona.

Kwa Nabii Ayubu tulipanda siku ya tano, njia ya milima ya Ittin, ukungu huoni hata boneti ya gari. Kaburi liko ndani ya kijumba kidogo, limefunikwa kitambaa, unavua viatu unaingia. Kuna nchi nyengine nazo zinasema kaburi liko kwao, mwanangu wa kike kashasoma hayo kwenye intaneti akaniuliza sasa kweli yuko wapi, nikamwambia Mungu ndo anajua. Bi mkubwa akamwambia, sisi tumekuja kumuombea dua, dua inajua njia. Nikawasimulia kisa chake, ugonjwa miaka, mali imekwenda, watoto wamekwenda, halafu akaambiwa piga mguu wako chini, hayo hapo maji baridi ya kuoga na kunywa. Nilitegemea watakaa watafakari. Wakatoka nje wakaanza kupiga miguu kwenye matope, wote, mpaka yule aliyenuna, matope yakaruka kwenye baibui langu la rangi, lile la 2023. Mlinzi akawatazama. Baba watoto akavua viatu na yeye akapiga mmoja.

Soko la Haffa tulikwenda kununua ubani, hilo halikosi. Ule mzuri kabisa wanauita Hojari, punje kubwa zina weupe wa kijani kijani, mwanamama anayeuza akauwasha kidogo kwenye chetezo akanifukizia mtandio kabla sijataja bei, biashara hiyo. Alinambia jambo sikulijua, kwamba miti ya ubani ule bora haiko huku kwenye kijani na manyunyu, iko nyuma ya milima, upande wa jangwa, ambako ukungu haufiki. Njiani tulikuwa tumeipita, pale Wadi Dawkah kama kilomita 40 kabla ya Salalah, UNESCO wamepaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mie nilipita nasema hivi vichaka gani vikavu. Nikanunua nusu kilo. Na nazi kumi kwenye kibanda cha barabarani, muuzaji mtu wa Kerala, India, akataka kuzikata zote ziwe madafu, ikabidi nimueleze kwa mikono kwamba hizi ni za kukuna, akacheka, kwao pia wanakuna.

Siku ya kuondoka nilimpigia dada kumwambia tunatoka. Alipokea sauti ya usingizi, saa nne asubuhi. Nikakata haraka.

Kurudi ni kurudi. Ukungu unaisha palepale ulipoanzia, 25, 29, 33, na mwisho 44, watoto wanasema yallah rudini. Haima tukasimama Adhuhuri, msikiti wa pembeni ya sheli ulikuwa umejaa madereva wa malori na abiria, tukatandika mkeka wa bi mkubwa kivulini nyuma yake. Matope ya Salalah yalikuwa yamekauka juu yake, ukiukunja yanadondoka vumbi jekundu. Mdogo akauliza leo mama ataswali ngapi. Mbili, nikamwambia, na Alasiri mbili tuikusanye hapa hapa. Na baba? Na baba mbili. Akaona ajabu. Imamu akatoa salamu na mie nikatoa, wakati mmoja, na kabla hatujainuka tukasikia kwenye buti la gari nazi zinabingirika, bi mkubwa alikuwa ameshaingia anatafuta chupa yake ya chai.